Msafara Haurudi kwa Njia Ile Ile

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, habari yangu kwa ufupi ni hii. Naitwa Nazmi, fundi wa lifti, Mwalbania wa Kosovo niliyekulia Winterthur, Uswisi. Nimemchumbia Arbnora, binti wa kwetu aliyekulia Malmö, Uswidi. Ukumbi niliouwekea nafasi ya harusi umegeuka duka la magodoro. Fundi aliyekuwa ananishonea suti amehama nchi, na suti imehama naye. Nikajiambia kwamba mabaya yamekwisha.

Kumbe yalikuwa yanapanga foleni.

Ukumbi mwingine ulipatikana, tarehe ikawekwa mwanzoni mwa Agosti. Arbnora akasema yeye na wazazi wake watapanda ndege. Chini ya saa mbili wako Zurich, anapiga mswaki, anaolewa. Niliuona mpango mzuri. Kosa langu ni kwamba nilimweleza Bibi.

Bibi Hajrije ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Ana miaka themanini na ushee, anatembea kwa fimbo, na sijawahi kusikia kwamba ameshindwa mabishano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema kwamba vinavyoshuka kutoka angani ni mvua na theluji. Bibi harusi huletwa kwa barabara.

Nikamkumbusha kwamba Malmö iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka sebuleni kwetu. Akasema vizuri, basi tuanze kupanga mapema.

Sitaki mtu amhukumu Bibi. Naeleza tu.

Kwetu bibi harusi hafuatwi ovyo. Msafara wa kwenda kumchukua uwe wa watu witiri, ili akiongezeka yeye wawe shufwa. Gari la mbele, lenye bendera, halipitwi na gari jingine la msafara. Gari alilopanda bibi harusi halipigi rivasi hata hatua moja, maana na ndoa itajifunza kurudi nyuma. Na msafara haurudi kwa njia ile ile uliyoendea, kwa sababu shari iliyowaona mkienda imekaa pale pale inawangoja.

Kijijini kwa Bibi, kutii sharti hilo la mwisho kulitaka mtu azunguke kilima kimoja na kisima. Mimi natakiwa kuizunguka Ujerumani.

Nilimweleza Bibi kwamba kati yetu na Uswidi kuna bahari. Akaniuliza kama bahari hiyo ina upande mmoja tu.

Sharti lililobaki alilitaja wakati anainuka kwenda kulala mchana, kama mtu anayekukumbusha kuzima taa. Bwana harusi haendi. Bwana harusi anabaki nyumbani, ananyolewa, anangoja.

Kwa hiyo nikapewa kazi ya kupanga safari ndefu kuliko zote za maisha yangu, iende kumchukua mke wangu, na mimi nisiwemo. Nikashukuru kwa kuaminiwa.

Mimi ni mtu wa taratibu. Lifti ikikwama, hupigi teke mlango. Unatafuta ilipokwamia. Nikanunua ramani kubwa ya Ulaya, nikaibandika ukutani sebuleni, nikachukua pini na nyuzi za sufu kutoka kikapu cha Bibi cha kufumia. Nyuzi nyekundu za kwenda, nyeupe za kurudi.

Mwanzo nilipanga waende kwa madaraja ya Denmark na warudi kwa kivuko cha baharini. Niliona nimemaliza. Nikapiga simu kwenye kampuni ya vivuko, nikauliza magari yanavyopangwa ndani. Mama mmoja mpole akanieleza kwamba sitaha ya chini hujaa, na magari mengine huelekezwa yaingie kinyumenyume.

Nikauliza kama gari la bibi harusi linaweza kusamehewa. Akauliza bibi harusi ana uzito gani.

Nikageuza ramani nzima. Msafara ungekwenda kwa kivuko, wakati gari la bibi harusi halina bibi harusi na linaweza kupiga rivasi mpaka lichoke. Ungetoka kwa mpaka wa Schaffhausen, Stuttgart, Nuremberg, Berlin, kisha bandarini Rostock, na kuvuka hadi Uswidi. Kurudi, ungepita daraja la Copenhagen, ukaikata Denmark yote, ukateremka Hamburg, Kassel, Frankfurt, na kuingia Uswisi kwa Basel. Nyekundu na nyeupe hazikugusana popote isipokuwa mlangoni kwetu na mlangoni kwao.

Bibi alivaa miwani, akaufuata kila uzi kwa ncha ya fimbo. Akasema kilima chetu kilikuwa rahisi zaidi, lakini inafaa.

Nilifurahi jioni nzima. Halafu akaja Baba mkubwa Rustem.

Baba mkubwa ni mtoto wa kwanza wa Bibi, mpiga plasta, mwenye kampuni yake na sauti yake. Ndiye kiongozi wa msafara. Aliisoma ramani akiwa amesimama, mikono kiunoni, akasema imekaa vizuri, ila kuna jambo. Bendera ya gari la mbele ni ya hariri, aliagiza kutoka Pristina, na upepo wa barabara kuu utaichana. Kwa hiyo yeye ataendesha kilomita tisini kwa saa.

Nikamuuliza, kwa adabu, kama anajua kwamba hakuna gari la msafara linaloruhusiwa kumpita. Akasema anajua, na hapo ndipo heshima ilipo. Nikamweleza kwamba kwa mwendo huo kivuko kitaondoka wao wakiwa bado Berlin.

"Watatungoja," akasema Baba mkubwa. "Watu wakiona bendera ya harusi hungoja."

Sikubisha. Nilibadilisha tiketi ziwe za kivuko kinachofuata.

Kuhusu idadi ya watu, kila Jumapili tulikuwa witiri na kila Jumatatu tulikuwa shufwa. Mke wa Baba mkubwa alipoingia, ikabidi atafutwe mtu. Alipopatikana, binamu mmoja akavunjika kifundo cha mguu akicheza mpira na wanawe. Mwishowe Baba mkubwa akaleta mpiga ngoma. Idadi ikakaa sawa. Ngoma yenyewe ilihitaji viti viwili, lakini hilo hakuna aliyeniuliza.

Bibi naye aliomba kiti. Alisema mbele ya watu wote kwamba anataka kwenda. Baba mkubwa akacheka, akasema Mama, safari ndefu na uzee havipandi gari moja, wewe baki uangalie asali. Maana kwetu bibi harusi akifika mlangoni huchovya vidole kwenye asali, akaipaka juu ya mlango, na bakuli hushikwa na mwanamke mkubwa wa nyumba. Kwetu ni Bibi. Bila Bibi pale mlangoni, hata nikiwa na cheti cha serikali, nyumba yetu haitasema nimeoa.

Bibi hakujibu kitu. Na Bibi asipojibu, mwenye akili hutafuta pa kujificha.

Wiki mbili kabla ya safari, Arbnora akapiga simu.

Arbnora ni msaidizi wa daktari wa meno. Ni mtaratibu kama mimi, ila yeye taratibu zake huwa zina mwisho.

"Nazmi, nijibu swali moja," akasema. "Siku hiyo mlangoni kwetu anakuja nani?"

"Baba mkubwa Rustem na mkewe, na binamu zangu, na mpiga..."

"Nimeuliza anakuja nani. Sijaomba orodha ya abiria."

"Mimi nabaki," nikasema. "Ni mila."

Nikasikia mlio wa kile kimashine chao cha meno nyuma yake, na mimi nikahisi jino.

"Sikiliza. Mila siikatai. Nitavaa shela, nitalia mlangoni kama inavyotakiwa, hata kama moyoni nacheka. Lakini kazini kwangu mimi ndiye ninayewaambia watu wafumbue mdomo na wasiseme neno. Sitaki siku yangu ya harusi niwe mimi kwenye kile kiti. Nikitoka nje nataka nimwone mtu anayenioa amesimama pale. Siyo bendera."

"Bibi hatakubali."

"Kwani ninaolewa na Bibi?"

Swali hilo lina majibu mawili, na yote mawili ni hatari. Nilikohoa.

"Usipokuja mwenyewe, sipandi gari lao," akasema. "Sikutishi, Nazmi. Nakuarifu mapema ili upange, maana najua kupanga unakupenda."

Ilibidi nijaribu upande wa pili. Nilimwendea Bibi, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia habari za jirani, ingekuwaje kama bwana harusi angefuatana na msafara. Bibi akaendelea kufuma. Akasema mwanamume anayekwenda kujichukulia mke mwenyewe ni kama mtu anayejipigia makofi. Nikifanya hivyo, nitafute mwanamke mwingine wa kunishikia bakuli la asali, ama niliweke juu ya kiti.

Sasa mnaona nilipo. Nikienda, sina Bibi mlangoni. Nisipoenda, sina mke wa kuingia mlangoni.

Nikarudi kwenye ramani.

Wazo langu lilikuwa safi, na ninalikiri hapa kwa kuwa mengine yote yametoka humo. Nikienda na msafara, mimi ni bwana harusi aliyefuata mke. Lakini nikienda peke yangu, kwa njia nyingine kabisa, isiyo nyekundu wala nyeupe, nikajikuta nimesimama kwenye barabara ya mtaani kwao wakati anatoka? Mtu anaruhusiwa kusimama barabarani. Arbnora angeniona. Baba mkubwa angekuwa anaimba, asingeniona. Kisha ningerudi kwa njia yangu, niendeshe kama mtu mwenye haraka badala ya mtu mwenye hariri, na msafara ungenikuta nyumbani, nimenyolewa, nangoja.

Hivyo ikazaliwa njia ya tatu. Kutoka mashariki kwa Austria, Munich, kupita Prague, kupanda Polandi mpaka baharini, na kuvuka hadi Ystad, ambako Malmö ni karibu. Stika ya kulipia barabara kuu, ya Uswisi ninayo. Ya Austria nikanunua. Ya Cheki nikanunua. Njia hii sikuiwekea nyuzi. Niliweka pini tupu, ndogo, zenye vichwa vyeupe, ambazo mtu asiyezijua angeona ni ukuta.

Arbnora sikumwambia. Najua mnachosema huko mliko. Lakini Arbnora humwambia baba yake kila kitu, na baba yake, Mzee Sokol, huongea na Baba mkubwa Rustem kwa simu kila siku, kama wachumba. Mzee Sokol mwenyewe ni mtu wa mila kuliko Bibi. Ameshawaambia majirani wote wa Malmö kwamba msafara utakuja mlangoni kwake kutoka Uswisi, kwa barabara, na bendera. Kwa hiyo nilipanga kumpigia Arbnora nikishashuka Ystad, nimwambie, fungua dirisha.

Nilijiona mtu wa mahaba.

Siku ya kuamkia safari, mchana, Baba mkubwa akaandika kwenye kundi la simu la familia. Kundi hilo alilifungua yeye, na siku chache kabla alikuwa amemwingiza Mzee Sokol. Aliandika kwamba mkwe wetu anapenda kuhakikishiwa kuwa mambo yanakwenda kwa mila, hivyo Nazmi athibitishe hapa, mbele ya wote, kwamba anabaki nyumbani.

Watu wote walikuwa wanasoma. Nilikuwa ndani ya lifti ya hospitali moja, kati ya ghorofa, na bisibisi mdomoni.

Nikaandika: Nabaki nyumbani. Mila ni mila.

Nikaongeza na alama ya bendera, ili uongo upendeze.

Mzee Sokol hakujibu kitu. Nikachukulia kwamba ameridhika.

Niliporudi nyumbani, Bibi alikuwa amesimama mbele ya ramani, miwani puani.

"Hizi pini zinashona nini?" akauliza.

Nikasema zimebaki tu.

"Zimebaki kwa mstari?" Akaifuata moja baada ya nyingine kwa fimbo, taratibu, Munich, Prague, juu mpaka baharini. "Mimi nimefuma tangu sijaota meno ya ukubwani, wee Nazmi. Mashimo najua kuyasoma bila uzi."

Nikakaa chini. Nikamweleza yote: simu ya Arbnora, gari ambalo hatapanda, barabara ambako mtu anaruhusiwa kusimama. Nikamwambia kwamba nampenda binti yule, na kwamba nampenda na yeye, na kwamba nimechoka. Nilingoja hukumu.

Bibi akakaa upande wa pili wa meza. Akauliza kama gari langu lina kiyoyozi.

"Lina," nikasema.

"Na kiti cha mbele kinalala?"

"Kinalala."

"Rustem aliniambia nibaki niangalie asali. Mbele ya watu wote. Mtoto niliyemfuta makamasi kwa kitambaa changu cha kichwa." Akagonga fimbo sakafuni mara moja. "Mwanamume anayemfuata mke mwenyewe ni aibu. Hilo nimesema na silifuti. Lakini mjukuu anayempeleka bibi yake kutembea, hiyo ni aibu gani? Malmö ni mji. Watu hutembea mijini."

Nikauliza kuhusu asali.

"Bakuli lina mfuniko," akasema Bibi.

Sitaficha kwamba nililala usingizi mzuri. Nilikuwa na mke, nilikuwa na Bibi, nilikuwa na njia tatu ambazo hazikutani. Mtu wa namna hiyo anastahili onyo, lakini hakuna anayempa.

Asubuhi msafara ukakusanyika mbele ya jengo letu. Magari yalioshwa mpaka yakajiona. Bendera ilifungwa. Mpiga ngoma akaanza. Jirani yetu, Bi Ammann, akafungua dirisha, akatazama saa yake, akalifunga bila kusema neno, jambo ambalo kwa Waswisi ni matusi makubwa. Baba mkubwa akanikumbatia, akanipiga mgongoni, akaniambia nitulie, nisiwe na wasiwasi, yeye ataniletea. Kisha akambusu Bibi mkono. Bibi akamwambia aendeshe polepole, hariri isichanike.

Wakaondoka kwa mwendo wa maziko yenye furaha.

Tuliwaacha wapotee kabisa. Nikashusha vitu: begi la Bibi, chupa ya chai, byrek mbili, ile mikate yetu ya mchicha na jibini, zilizofungwa kwa taulo, na bakuli la asali, ambalo Bibi alilishika mwenyewe magotini. Nikawasha gari. Mtaa wetu ni wa njia moja, mwembamba, magari yameegeshwa kulia na kushoto. Tukatoka kwenye maegesho, tukafika kama katikati ya mtaa.

Simu ikalia. Ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, na sikuwahi kuizima.

"Uko wapi?" akauliza Arbnora.

"Nyumbani," nikasema. Uongo ukishazoea kiti hautaki kuinuka.

Bibi akanitazama.

"Vizuri," akasema Arbnora. "Basi kaa hapo hapo. Mimi niko njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Kwenu. Tumetoka jana jioni. Baba anaendesha. Tumeshaivuka Denmark."

Nikasimamisha gari. Nilisikia muungurumo wa barabara kuu upande wake, na kiashiria cha kona kikilia tiki tiki tiki.

"Arbnora, msafara umeondoka sasa hivi. Unakuja huko kwenu. Baba mkubwa, ngoma, watu wote."

"Najua. Nilikwambia sipandi gari lao. Umesahau? Sikupanda. Neno langu nimetimiza." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Na nimesoma neno lako kwenye kundi. Baba alinionyesha. Na bendera umeweka."

"Hilo nitakueleza. Nilikuwa na mpango."

"Nina hakika ulikuwa nao."

Nikataka kumwambia habari za pini, za Ystad, za dirisha. Lakini mdomo wangu ulishasema niko nyumbani, na bibi yangu alikuwa kando yangu na byrek za safari. Nikauliza wamepita njia gani, angalau nijue.

"Kwani umebakisha ipi, bwana mipango?"

Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu wiki hii.

"Dhahabu yenu yote ninayo hapa."

Inabidi niwaeleze. Tulipochumbiana, familia yangu ilimpelekea dhahabu: bangili, mkufu, pete mbili, hereni zilizokuwa za mama yangu. Kwetu binti akija kuolewa, huja ameivaa yote, mpaka mikono inakuwa mizito. Uchumba ukivunjika, dhahabu huwekwa mfukoni, na baba wa binti huibeba mwenyewe, akairudisha mkononi mwa waliotoa.

Na Mzee Sokol, mtu wa mila kuliko Bibi, aliyewaalika majirani waje waone msafara mlangoni kwake, ndiye anayeendesha.

"Umeivaa?" nikauliza. "Au umeibeba?"

Kiashiria kikaendelea kulia. Nilisikia Mzee Sokol akiuliza kwa sauti nzito kama watoke hapa au kona inayofuata, naye akamjibu, inayofuata, Baba. Halafu akanirudia.

"Uliandika unabaki nyumbani, Nazmi. Basi baki."

Simu ikakatika.

Nilikaa na mikono juu ya usukani. Nyekundu iko Berlin, nyeupe iko Hamburg, ile isiyo na nyuzi iko Prague. Nilizipanga njia zile kwa uangalifu mkubwa ili watu wasikutane. Tangu uchumba huu uanze, ni mpango wangu wa kwanza kufaulu.

Nikampigia Baba mkubwa. Simu iliita mpaka ikachoka. Akiendesha huimba, na akiimba hasikii. Nikampigia mkewe. Nikasikia ngoma, kisha sauti yake akisema hanisikii, wamefika Schaffhausen, barabara ni nzuri, Mungu ametujalia. Akakata.

"Nitampata," nikamwambia Bibi. "Nitamwambia ageuze, arudi nyumbani."

"Kwa njia ipi?" akauliza Bibi.

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Msafara haurudi kwa njia ile ile uliyoendea, na ulikuwa umekwenda.

Nikasema basi sisi turudi. Nyumbani ni hapo nyuma, mita chache. Tupande ngazi, tungoje mlangoni kama nilivyoandika. Kama ameivaa, atukute. Kama ameibeba, atukute pia, nimweleze, nimwonyeshe pini. Nikashika gia, nikaiweka rivasi.

Fimbo ya Bibi ikashuka juu ya mkono wangu, haikuniumiza, ila haikuondoka.

"Baba yake akimshusha mlangoni na kugeuza gari lake," akasema Bibi, "huyo binti ataingia gari la nani kwenda ukumbini?"

"Sijui, Bibi."

"Na mimi sijui. Huenda ni hili. Kwa hiyo halirudi nyuma."

"Bibi, yeye mwenyewe hayumo ndani."

"Na hereni za mama yako hazimo masikioni mwake, mpaka tuone."

Mbele yetu mtaa ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye njia panda ya barabara kuu, ambapo kibao kimoja kinaonyesha Schaffhausen, kimoja Basel, na kimoja mashariki. Nyuma yetu nyumba yangu ilikuwa inaonekana kwenye kioo, mlango wake wazi, hauna mtu. Bibi akafunua bakuli, akaitazama asali, akalifunika tena.

Lori la taka likaingia mtaani nyuma yetu, likasimama karibu kabisa na bampa, likapiga honi.